Fahamu Hatari ya Kufa kwa Mfupa wa Taya kwa Watumiaji wa Dawa za Udhaifu wa Mifupa

Mtu anayetumia kwa muda mrefu dawa za kutibu udhaifu wa mifupa anaweza, katika hali chache sana, kupata tatizo la mfupa wa taya kushindwa kupona na sehemu yake kufa, hususan baada ya kung'olewa jino. Tatizo hilo hujulikana kitaalamu kama osteonekrosisi ya taya itokanayo na dawa. Ingawa hutokea kwa nadra, linapotokea huleta maumivu, huchukua muda mrefu kutibiwa na huweza kumfanya mgonjwa ashindwe kula na kuzungumza vizuri.

Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hilo, ukubwa wa hatari yake, dalili zake na hatua ambazo mgonjwa na familia yake wanaweza kuchukua. Mambo matatu ni ya msingi. Kwanza, kinywa kichunguzwe na meno yatibiwe kabla ya kuanza dawa. Pili, daktari wa meno aelezwe dawa zote ambazo mgonjwa anatumia au aliwahi kutumia. Tatu, mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe kwa kuhofia taya, kwa kuwa kuvunjika nyonga au uti wa mgongo ni hatari iliyo kubwa zaidi na iliyo karibu zaidi naye.

Udhaifu wa mifupa na dawa zinazotumika

Udhaifu wa mifupa, au osteoporosisi, ni hali ambayo mfupa hupoteza madini na uimara wake hadi kuweza kuvunjika kwa kishindo kidogo, kama vile kuanguka kutoka kimo cha kusimama. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, lakini pia wanaume wenye umri mkubwa na watu wanaotumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi, kama vile prednisoloni. Mwaka 1994 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliweka kipimo cha kutambua hali hiyo kwa kulinganisha wingi wa madini katika mfupa wa mgonjwa na ule wa mtu mzima kijana. Aliyepungukiwa kwa vizio 2.5 au zaidi vya kipimo hicho huhesabiwa kuwa na ugonjwa.

Kundi la kwanza na kongwe la dawa zinazotumika huitwa bisfosfoneti. Ndani yake kuna alendronati, ambayo kwa kawaida humezwa mara moja kwa wiki kwa kipimo cha miligramu 70, pamoja na risedronati na ibandronati. Yupo pia mgonjwa anayepewa asidi ya zoledroni, ambayo huingizwa kwa dripu mara moja kwa mwaka kwa kipimo cha miligramu 5. Mgonjwa asiyejua kama dawa yake imo katika kundi hili anaweza kusoma jina la kitaalamu lililoandikwa kwenye boksi. Majina ya dawa hizi huishia kwa herufi "dronate" au "dronic acid", hata kama jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa ni tofauti, kwa mfano Fosamax au Aclasta.

Kundi la pili lina denosumabu, ambayo ni kingamwili iliyotengenezwa maabara na ambayo kwa wagonjwa wa udhaifu wa mifupa huuzwa kwa jina la Prolia. Huchomwa sindano chini ya ngozi kila baada ya miezi 6, kwa kipimo cha miligramu 60. Dawa hiyo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2010. Kutokana na sindano hiyo kutolewa mara mbili tu kwa mwaka, wagonjwa wengi huisahau wanapoulizwa orodha ya dawa wanazotumia.

Dawa hizo hizo hutumika pia kwa wagonjwa wa saratani iliyosambaa kwenye mifupa, lakini kwa kipimo kikubwa zaidi. Mgonjwa wa saratani huweza kupewa miligramu 4 za asidi ya zoledroni kila baada ya wiki 3 au 4, au miligramu 120 za denosumabu kila baada ya wiki 4. Kwa mwaka mzima, denosumabu anayopata ni takribani mara 12 ya ile ya mgonjwa wa udhaifu wa mifupa. Tofauti hii ni muhimu kuikumbuka, kwa sababu taarifa nyingi za kutisha zinazosambaa kuhusu taya zinatokana na wagonjwa wa saratani.

Kwa nini taya?

Mfupa wa binadamu haukai vilevile maisha yote. Zipo seli zinazobomoa mfupa wa zamani na seli nyingine zinazojenga mfupa mpya mahali pake. Kwa mwenye udhaifu wa mifupa, ubomoaji huzidi ujenzi. Bisfosfoneti na denosumabu hufanya kazi kwa kuzizuia seli zinazobomoa, na kwa njia hiyo mfupa huacha kupungua.

Hata hivyo, ubomoaji huo una kazi yake. Jino linapong'olewa, mfupa unaozunguka shimo lake huumia, na seli za ubomoaji huondoa sehemu iliyoharibika ili mfupa mpya ujengwe. Seli hizo zikiwa zimezuiwa, sehemu iliyokufa hubaki mahali pake, kidonda huchelewa kufunga na bakteria hupata pa kukaa.

Taya huathirika kuliko mifupa mingine kwa sababu kadhaa. Mfupa wake hujijenga upya kwa kasi zaidi, na hivyo hutegemea zaidi seli hizo. Umefunikwa na ufizi mwembamba ambao huchubuka kwa urahisi. Meno yamepenya ufizi huo na kuingia ndani ya mfupa, na hivyo maambukizi ya jino huufikia mfupa moja kwa moja. Aidha, kinywa kimejaa bakteria wakati wote. Takribani robo tatu ya matukio hutokea katika taya la chini, na yaliyobaki mengi hutokea katika taya la juu.

Makundi haya mawili ya dawa hutofautiana katika muda yanaokaa mwilini. Bisfosfoneti hushikamana na madini ya mfupa na kubaki humo kwa miaka mingi, hata baada ya mgonjwa kuacha kuzitumia. Denosumabu haishikamani na mfupa, na nguvu yake huanza kwisha takribani miezi 6 baada ya sindano. Kwa sababu hiyo, mtu aliyeacha vidonge vya alendronati miaka miwili iliyopita bado anapaswa kumweleza daktari wa meno kuwa aliwahi kuvitumia.

Tatizo lilivyotambuliwa

Kufa kwa mfupa wa taya kutokana na kemikali si jambo geni katika historia ya tiba. Mwaka 1845 daktari Friedrich Wilhelm Lorinser wa Vienna alichapisha maelezo kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya viberiti waliooza mataya kwa kuvuta mvuke wa fosforasi nyeupe. Mwaka 1888 wafanyakazi wanawake wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May jijini London waligoma, na mgomo huo uliifanya hatari ya kazi yao ijulikane zaidi kwa umma. Mkataba wa Bern wa mwaka 1906 ulipiga marufuku matumizi ya fosforasi nyeupe katika kutengeneza viberiti, na ugonjwa huo ukatoweka taratibu.

Karibu karne moja baadaye, madaktari wa upasuaji wa kinywa walianza kuona vidonda vinavyofanana na vile. Mwaka 2003 Robert Marx wa Miami, Marekani, aliripoti wagonjwa 36 waliokuwa na mfupa wa taya ulio wazi na usiopona, wote wakiwa wametumia bisfosfoneti za kuingizwa kwenye mshipa. Mwaka uliofuata Salvatore Ruggiero na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 63. Kati yao, 56 walikuwa wametumia dawa za mshipa na 7 walikuwa wakitumia vidonge vya udhaifu wa mifupa kwa muda mrefu. Taarifa hiyo ilionyesha kuwa tatizo haliishii kwa wagonjwa wa saratani peke yao.

Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitaka tahadhari kuhusu taya iongezwe katika maelezo ya bisfosfoneti zote. Ilipobainika kuwa denosumabu, ambayo si bisfosfoneti, nayo huweza kuleta tatizo hilo, Chama cha Madaktari wa Upasuaji wa Kinywa, Uso na Taya cha Marekani (AAOMS) kilibadilisha jina la ugonjwa mwaka 2014 ili lihusishe dawa kwa ujumla badala ya kundi moja.

Ukubwa wa hatari

Kwa mujibu wa mwongozo wa AAOMS wa mwaka 2022, kati ya watu 10,000 wanaotumia bisfosfoneti kwa ajili ya udhaifu wa mifupa, watu wapatao 2 hadi 5 hupata tatizo hili. Kwa wanaotumia denosumabu kwa ajili hiyo hiyo, makadirio ni kati ya watu 4 na 30 kwa kila 10,000. Kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa vipimo vikubwa, hatari ni kubwa zaidi, ingawa kwa jumla hukadiriwa kuwa chini ya watu 5 kwa kila 100.

Kung'oa jino huongeza hatari hiyo. Mwongozo huo unakadiria kuwa kwa mgonjwa wa udhaifu wa mifupa anayetumia bisfosfoneti, uwezekano wa tatizo kutokea baada ya kung'oa jino haufiki watu 2 kwa kila 1,000. Kwa anayetumia denosumabu ni takribani mtu 1 kwa kila 100. Maana yake ni kwamba wagonjwa walio wengi sana hung'oa jino na kupona kama kawaida, lakini ipo sababu ya kutong'oa jino linaloweza kuokolewa.

Takwimu hizo hazina budi kulinganishwa na hatari ya kuacha mfupa bila tiba. Katika utafiti mkubwa wa asidi ya zoledroni uliochapishwa mwaka 2007, dawa hiyo ilipunguza kuvunjika kwa pingili za uti wa mgongo kwa asilimia 70 na kuvunjika kwa nyonga kwa asilimia 41 katika kipindi cha miaka 3. Katika utafiti huo huo, uliohusisha maelfu ya wanawake, tatizo la taya lilionekana kwa mgonjwa mmoja aliyepewa dawa na mmoja aliyepewa maji yasiyo na dawa. Mzee aliyevunjika nyonga huweza kupoteza uwezo wa kutembea bila msaada, na tafiti za nchi zilizoendelea zimeonyesha kuwa takribani mtu 1 kati ya 5 hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika.

Mambo yanayoongeza hatari

Hatari haiko sawa kwa kila mtu. Huongezeka kwa:

- anayetumia dawa hizi kwa muda mrefu, hususan bisfosfoneti kwa zaidi ya miaka 5;
- anayetumia pia dawa za jamii ya steroidi;
- aliyewahi kupata tatizo la taya kufa hapo awali;
- mwenye ugonjwa wa fizi, meno yaliyooza au maambukizi ya mzizi wa jino yasiyotibiwa;
- anayevaa meno bandia yasiyomkaa vizuri na yanayochubua ufizi;
- anayevuta tumbaku au mwenye kisukari kisichodhibitiwa;
- mgonjwa wa saratani anayepewa dawa hizi kwa kipimo kikubwa au pamoja na dawa nyingine za saratani.

Ugonjwa wa jino na ung'oaji wake huenda pamoja. Mara nyingi jino hung'olewa kwa sababu tayari lina maambukizi, na maambukizi hayo yenyewe ni sehemu ya chanzo cha tatizo. Kwa hiyo kuacha jino bovu kinywani kwa kuogopa kuling'oa si kinga. Jino hilo linaweza kuuathiri mfupa hata bila kuguswa na daktari.

Dalili za kuangalia

Mgonjwa anayetumia dawa hizi anapaswa kumwona daktari wa kinywa na meno mapema anapoona mojawapo ya dalili zifuatazo:

- shimo la jino lililong'olewa kutofunga baada ya wiki kadhaa;
- mfupa kuonekana au kuhisiwa kwa ulimi kama kitu kigumu na chenye ncha ndani ya kinywa;
- maumivu ya taya, uvimbe wa ufizi au usaha;
- meno kulegea bila sababu inayojulikana;
- ganzi au hisia ya uzito katika mdomo wa chini au kidevu;
- tundu dogo kwenye ngozi ya kidevu au shavu linalotoa usaha.

Katika hatua za mwanzo mfupa ulio wazi huweza usiume kabisa. Kutokuwepo kwa maumivu kusimfanye mgonjwa apuuze kidonda kisichofunga.

Daktari huthibitisha ugonjwa pale mambo matatu yanapokutana. La kwanza ni mgonjwa kuwa anatumia au aliwahi kutumia dawa zinazohusika. La pili ni mfupa wa taya kuwa wazi, au kufikika kwa kifaa cha uchunguzi kupitia tundu, kwa zaidi ya wiki 8. La tatu ni mgonjwa kutokuwa na historia ya tiba ya mionzi katika taya wala saratani iliyosambaa hapo, kwa kuwa hali hizo nazo huweza kuua mfupa. Picha ya eksirei husaidia kuonyesha ukubwa wa eneo lililoathirika.

Kabla ya kuanza dawa

Wakati mzuri wa kujikinga ni kabla ya kidonge au sindano ya kwanza. Mgonjwa anapoambiwa na daktari kuwa ataanza dawa za mifupa, anashauriwa kufanyiwa uchunguzi kamili wa kinywa na meno. Meno yanayoweza kuzibwa yazibwe, ugaga uondolewe, na meno ambayo hayawezi kuokolewa yang'olewe wakati huo. Kwa kawaida ufizi huhitaji takribani wiki 2 hadi 3 kufunika shimo la jino. Mwenye meno bandia ahakikishe yanamkaa vizuri.

Kwa mgonjwa wa udhaifu wa mifupa, hatari ya taya katika miezi ya mwanzo ni ndogo sana. Kwa sababu hiyo, ikiwa mtu amekwisha kuvunjika mfupa na daktari anaona tiba haiwezi kusubiri, dawa huanzishwa na matibabu ya meno hufanyika sambamba. Kwa mgonjwa wa saratani anayetarajia kipimo kikubwa, kukamilisha matibabu ya meno kwanza, pale hali yake inaporuhusu, kuna uzito zaidi.

Kwa anayetumia vidonge, yapo maelekezo ambayo hulinda pia kinywa na koo. Kidonge cha alendronati humezwa kizima asubuhi kabla ya kula, kwa glasi ya maji matupu, na mgonjwa hukaa wima au kusimama kwa angalau dakika 30. Hakitafunwi wala kumung'unywa, kwa kuwa huweza kusababisha vidonda mdomoni na kwenye koo.

Kwa ambaye tayari anatumia dawa

Mgonjwa ambaye tayari yumo katika tiba anashauriwa kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, kupunguza vitu vyenye sukari, kuacha tumbaku na kuchunguzwa meno mara kwa mara hata kama hayaumi. Huduma za kawaida kama kuziba jino, kusafisha meno na kutibu mzizi wa jino hazizuiliwi. Pale ambapo jino linaweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi, njia hiyo hupendelewa kuliko kung'oa.

Anapofika kwa daktari wa meno, mgonjwa aeleze mambo manne kabla ya matibabu kuanza: jina la dawa, ni kwa ajili ya udhaifu wa mifupa au saratani, ametumia kwa muda gani, na lini alitumia mara ya mwisho. Njia rahisi ni kubeba boksi la dawa au kadi ya kliniki. Ndugu wanaomsindikiza mzee wanaweza kuandika majibu hayo kwenye karatasi mapema, hasa ikiwa dawa yake ni sindano ya kila miezi 6 au dripu ya kila mwaka, ambayo haimo miongoni mwa vidonge vilivyopo nyumbani.

Ikiwa ni lazima jino ling'olewe, daktari hulifanya hivyo kwa uangalifu ili mfupa usiumie zaidi ya inavyolazimu, kisha humpangia mgonjwa tarehe ya kurudi. Kidonda kikaguliwe hadi kifunge, na kisipofunga ifikapo wiki 8 mgonjwa apelekwe kwa bingwa. Kwa anayetumia denosumabu, mwongozo wa AAOMS unaeleza kuwa upasuaji wa kinywa usio wa dharura huweza kupangwa miezi 3 hadi 4 baada ya sindano ya mwisho. Kwa mpango huo, kidonda hupata nafasi ya kupona na sindano inayofuata hutolewa kwa wakati wake.

Kwenda kung'oa jino kwa mtu asiye na taaluma, au kuficha dawa unazotumia kwa kuhofia kukataliwa huduma, humnyima daktari nafasi ya kuchukua tahadhari hizo zote.

Usiache dawa bila ushauri

Baadhi ya wagonjwa, wanaposikia habari za taya kufa, huacha dawa mara moja. Hatua hiyo huweza kuwa na madhara makubwa kuliko tatizo wanalolikimbia.

Kwa denosumabu hatari ni ya haraka. Sindano isipotolewa kwa wakati wake, seli za ubomoaji zilizokuwa zimezuiwa hurudi kwa nguvu, na mgonjwa huweza kuvunjika pingili kadhaa za uti wa mgongo ndani ya kipindi kifupi. Pale inapolazimu kuisitisha, daktari humwanzishia mgonjwa dawa nyingine ya kushika nafasi yake.

Kwa bisfosfoneti hali ni tofauti kwa kuwa dawa hubaki katika mfupa. Wataalamu hushauri tiba ipitiwe upya baada ya takribani miaka 5 ya vidonge au miaka 3 ya dripu ya kila mwaka. Mgonjwa ambaye hatari yake ya kuvunjika imeshuka huweza kupumzishwa kwa muda chini ya uangalizi, na aliye katika hatari kubwa huendelea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wanawake waliotumia alendronati kwa takribani miaka 5 kisha wakaacha walilinganishwa na walioendelea hadi miaka 10. Walioacha hawakuvunjika zaidi mifupa mingine, lakini kuvunjika kwa uti wa mgongo kulikoleta dalili kulikuwa asilimia 5.3 kwao, ikilinganishwa na asilimia 2.4 kwa walioendelea. Mapitio hayo ya tiba huzingatia pia athari nyingine adimu ya matumizi ya muda mrefu, yaani mfupa wa paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida. Maumivu mapya ya paja au kinena yaripotiwe kwa daktari.

Kuhusu kusitisha bisfosfoneti kwa muda kabla ya kung'oa jino, wataalamu bado hawajaafikiana, kwa kuwa dawa iliyokwisha kuingia katika mfupa haitoki kwa kupumzika wiki chache. Uamuzi huo hufanywa kwa pamoja na daktari wa meno na daktari aliyeandika dawa.

Matibabu

Tatizo likitokea, matibabu hutegemea hatua liliyofikia. Pale mfupa ulipo wazi bila maambukizi, mgonjwa hupewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, hufundishwa usafi wa kinywa na kufuatiliwa kwa karibu. Kukiwa na maumivu na usaha huongezewa antibayotiki na dawa za maumivu. Pale eneo kubwa linapohusika, taya linapovunjika au tundu linapotokeza nje ya ngozi, upasuaji wa kuondoa mfupa uliokufa huhitajika. Mwongozo wa mwaka 2022 unaeleza kuwa upasuaji huweza kuleta matokeo mazuri hata katika hatua za awali, hivyo mgonjwa asisubiri hali iwe mbaya ndipo atafute huduma.

Nchini Tanzania, matatizo ya aina hii hushughulikiwa na madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, wakiwemo wa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mgonjwa huanzia kwa daktari wa kinywa na meno wa kituo kilicho karibu naye, ambaye humwandikia rufaa.

Kutoa taarifa za madhara ya dawa

Athari adimu kama hii hutambulika kwa sababu madaktari na wagonjwa hutoa taarifa. Wagonjwa 36 walioripotiwa mwaka 2003 ndio walioanzisha uchunguzi uliobadilisha maelezo ya dawa duniani. Kwa Tanzania Bara, taarifa za madhara yanayohisiwa kutokana na dawa hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kwa Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Mwananchi anaweza kutoa taarifa kupitia kituo cha afya au kwa mamlaka yenyewe. Si lazima awe na uhakika kwamba dawa ndiyo chanzo. Inatosha kueleza dawa iliyotumika, muda wa matumizi na dalili zilizojitokeza.

Maswali ya kumuuliza daktari

Mgonjwa anayetumia au anayetarajia kuanza dawa za udhaifu wa mifupa anashauriwa kupata majibu ya maswali haya kutoka kwa mtoa huduma wake:

1. Dawa ninayopewa imo katika kundi gani, na nitaitumia kwa muda gani kabla ya tiba kupitiwa upya?
2. Je, nichunguzwe meno kwanza, au hali ya mifupa yangu inahitaji dawa ianze mara moja?
3. Zipo dawa nyingine ninazotumia, kama vile steroidi, zinazoongeza hatari ya taya?
4. Nikihitaji kung'oa jino, nani atawasiliana na nani kati yako na daktari wa meno?
5. Nikikosa sindano au dripu kwa tarehe iliyopangwa, nifanye nini na ndani ya siku ngapi?

Majibu hayo yaandikwe kwenye kadi ya kliniki au daftari la mgonjwa, pamoja na tarehe ya dozi ya mwisho, na yabebwe kila anapokwenda kutibiwa meno.